Kisu Nyuma ya Mtungi

Wapo watu mjini Morogoro wanaoamini kwamba mwalimu wa milimani kazi yake ni kuota jua na kusubiri mshahara. Waache waamini. Hawajawahi kumwona Judith Kokugonza Jumatatu alfajiri pale darajani, bodaboda inapomshusha na kugeuza kwa sababu barabara imekwisha. Anavua viatu vya kazini, anavitia mkobani, anavaa raba zake kuukuu, anakunja sketi na kuanza kupanda. Saa nzima na nusu anapanda, huku matope, huku mashamba ya kabichi, mpaka Shule ya Msingi Kidunge itokeze kwenye ukungu. Ijumaa anateremka tena kwenda mjini, Kihonda, kwa mume na watoto wake wawili. Huu ni mwaka wa tatu anaishi hivyo, na asikudanganye mtu, magoti yanamuuma.

Judith ni Mhaya wa Muleba, na kwa watani hilo peke yake lilitosha. Siku alipofika Kidunge, Mwalimu Mwinshehe wa hisabati, Mluguru ambaye nyumba yake iko mjini Mwembesongo lakini ukoo wake wote uko milimani, alimpokea kwa kumwita Nshomile. Ndilo jina ambalo nchi nzima inawatania nalo Wahaya, maana yake mimi nimesoma bwana. Alisema sasa Kiingereza kimepata mwenyewe. Mkuu wa shule naye hakulaza damu, siku hiyo hiyo akamkabidhi Kiingereza cha darasa la nne, na juu yake akampa wale watoto waliobaki nyuma katika kusoma. Judith alicheka pamoja nao, akapokea chaki zake.

Jambo moja hakuwaambia. Nshomile huyu alifika darasa la tano hajui kusoma. Simaanishi kusoma kwa shida, namaanisha hajui kabisa, hata jina la kijiji chake kwenye kibao cha barabarani lilikuwa michoro tu. Alifikaje huko? Kwa sikio. Kwao darasa zima lilisoma kwa pamoja, mwalimu anatangulia na watoto wanafuata, na mwenye sikio jepesi hahitaji macho. Judith alikuwa na sikio kali kuliko wote, kwa hiyo alisifiwa kuliko wote. Mpaka alipokuja mwalimu wa mazoezi, binti tu kutoka chuoni, akafunika ukurasa kwa mkono, akabakiza neno moja tu, na kumuuliza ni neno gani. Yule binti hakumchapa wala hakumsema mbele ya wenzake. Alimweka pembeni kila siku kwa miezi miwili mpaka akasoma, halafu mazoezi yakaisha akaondoka, na Judith hakumwona tena. Ukimuuliza kwa nini yeye ni mwalimu, atakutajia mambo ya wito. Lakini sababu ni yule binti.

Basi wiki ya kwanza ya Januari aliingia darasa la nne, watoto arobaini na sita, akawasalimu kwa Kiingereza. Walisimama wakamwitikia kwa sauti moja mpaka mabati yakatikisika. Akawauliza kwa Kiingereza wanaitwa nani, wakamjibu kwa sauti ile ile kwamba hawajambo. Akawauliza leo ni siku gani, hawajambo pia. Alicheka moyoni, akaona Kiingereza kingoje kidogo, akawaambia wafungue kitabu cha Kiswahili ukurasa wa kwanza.

Looh, walisoma. Aliyekuwa akianzisha ni msichana wa dawati la mbele, Veronika, mwenye sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Veronika akitupa neno, wenzake wanalidaka, ukurasa mzima mpaka chini bila mtu kukwama hata mara moja. Mwalimu mwingine angepiga makofi. Judith hakupiga, maana kusoma kwa kweli kuna kukwama ndani yake, na hawa hawakwami. Mwizi hushikwa na mwizi mwenzake. Akawaambia wafungue ukurasa wa ishirini, akamwinua Veronika peke yake, na Veronika akaushika ukurasa wa ishirini mbele ya macho yake na kuusoma ule ule wa kwanza, kwa sauti nzuri kabisa.

Wiki iliyofuata aliwatoa barazani mmoja mmoja. Alikuwa amekata maboksi ya sabuni vipande vipande, na kila kipande ameandika amri moja: leta jiwe, gusa ukuta, zunguka mti. Mtoto hatakiwi kusoma kwa sauti, anatakiwa kutenda. Hapo hakuna wa kudaka neno la mwenzake. Watoto kumi na tisa walisimama na kadi mkononi wakimtazama yeye usoni, wakitafuta jibu kwenye macho yake. Veronika alikuwa mmoja wao.

Sasa sikiliza kilichokuwa hatarini. Mwishoni mwa Oktoba darasa la nne wana upimaji wa taifa, Kiingereza kikiwemo, na asiyeweza anabaki darasa la nne. Kwa mtoto wa mjini hilo ni aibu ya mwaka mmoja. Kwa msichana wa Kidunge ni mwisho. Veronika alikuwa na miaka kumi na moja, mgongo umeshakomaa kwa kubeba mizigo ya mboga, na nyumbani walikuwa wanamhitaji bustanini kila siku ya Mungu. Akirudia darasa, shamba lingemmeza, na hakuna ambaye angemuuliza mtu kwa nini. Judith alijua kabisa, kwa sababu miaka ile kwao Muleba yeye mwenyewe alikuwa ameponea chupuchupu. Alijiapia kwamba kufika Oktoba wale kumi na tisa watasoma, wapende wasipende, mvua inyeshe isinyeshe.

Alichohitaji ni saa moja tu. Masomo ya kawaida yanaisha saa nane, wale kumi na tisa wabaki mpaka saa tisa. Mkuu wa shule alikubali, akasema ila wazazi waridhie. Judith akaandika barua za kuita mkutano, na humo ndimo alimojikwaa. Kwao mtoto ni wa baba, shamba ni la baba, na neno ni la baba. Kwa hiyo barua zake ziliita akina baba. Akina mama walikuja pia, wakakaa nyuma kimya na watoto wao mgongoni, na Judith hakuwauliza kitu. Akina baba wote waliokuja walikubali. Walinyoosha mikono, wakaweka sahihi, wengine dole gumba, mmoja akasimama kumshukuru mwalimu kwa moyo wake. Judith alirudi chumbani kwake usoni bashasha tupu.

Kesho yake saa nane walibaki watoto wanne. Keshokutwa watatu. Wengine kengele ikilia tu wanashika njia ya mashambani, maana jua likianza kushuka ndio wakati wa kumwagilia.

Judith akawa mbogo. Akaanza na baba yake Veronika, mwanamume mpole anayeitwa Fransisko, aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono siku ya mkutano. Alimfuata nyumbani. Fransisko alimkaribisha vizuri, akamwambia amemwelewa, akampa mkungu wa ndizi. Veronika hakubaki. Akamfuata mara ya pili, akakubaliwa tena, akapewa magimbi. Veronika hakubaki. Mara ya tatu Judith alikataa hata maji ya kunywa. Kwa akili yake huyu alikuwa mwongo mwenye adabu, na hao ndio wabaya kuliko wote.

Akaenda kwa mtendaji wa kijiji, kijana mgeni kama yeye, ambaye naye alikuwa na hamu ya kuonekana anafanya kazi. Mtendaji alimwita Fransisko ofisini, akamsomea sheria kuhusu mtoto na elimu, akampa adhabu ya kufyeka njia ya shule kwa siku tatu. Fransisko hakujitetea. Alikuja na fyekeo asubuhi tatu mfululizo, akafyeka kutoka kisimani mpaka mlangoni pa shule, huku wanawake waliokuwa wanateremka na vikapu wakimpita na kucheka chinichini. Judith naye alimpita kila asubuhi. Alimsalimu, na najua nikisema hivi atanichukia, lakini moyoni aliona raha.

Mwalimu Mwinshehe siku hizo alikuwa semina mjini. Aliporudi akakuta njia imefyekwa, akauliza nani kafanya kazi nzuri hivi. Alipoambiwa, utani wote ulimtoka. Akamvuta Judith kando ya ofisi ya walimu.

"Dada yangu, umemwadhibu mtu asiye na sauti," alimwambia. "Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Ungemwita mjomba wake."

Akamweleza polepole, kama anavyowaeleza watoto hesabu za sehemu. Kwamba Fransisko alioa Kidunge na analima ardhi ya ukoo wa mkewe. Kwamba mjini mambo haya yamefifia na wengine hawayajui tena, lakini huku juu bado yapo. Kwamba kaka mkubwa wa mama yake Veronika, Mzee Fidelis, ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada zake, nani aende wapi, nani amwagilie nini. Na kwamba katika wale kumi na tisa, tisa walikuwa wapwa wa Fidelis kwa njia moja au nyingine. Judith alihisi uso unawaka moto. Usilolijua ni usiku wa giza, na yeye alikuwa ametembea kwenye giza hilo huku akikanyaga watu.

Jioni ile ile alikwenda kwa Fransisko, akamkuta kwenye tuta la karoti. Hakuzunguka. Alimwambia amekosa, amemdhalilisha bure, na anaomba msamaha. Fransisko aliweka jembe chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Veronika ni damu yangu, Mwalimu, lakini ni mtoto wa kwao," alisema. "Ningekuwa na neno, angebaki siku ile ile. Ile njia niliifyeka kwa sababu na mimi nataka abaki."

Judith alikunja sketi. Aliinama, akamsaidia kung'oa karoti mpaka tuta likaisha.

Kwa mjomba huendi hivi hivi. Mwinshehe alimfundisha: unakwenda na mtu anayejulikana, huyo ndiye anayefungua mazungumzo, na mkono mtupu haulambwi. Jumamosi moja ya Aprili Judith hakuteremka Kihonda. Walipanda wawili na kilo mbili za sukari na majani ya chai, mvua ikiwafuata nyuma. Mzee Fidelis alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye koti la suti asilolivua hata shambani. Kidunge nzima inamheshimu, na si kwa ardhi tu. Padre anafika kigangoni, kanisa dogo la pale kijijini, mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine zote Mzee Fidelis ndiye anayeongoza ibada, na masomo anayasoma kwa sauti inayofika mpaka ng'ambo ya korongo.

Shikamoo zilitolewa, sukari ikapokelewa, dada yake Magdalena, ndiye mama yake Veronika, akaleta magimbi ya moto. Mwinshehe akafungua mazungumzo kwa mbali kabisa, kuanzia mvua, na kufika shuleni baada ya nusu saa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema haelewi mwalimu anataka nini. Mtoto anajua kusoma. Kila jioni wakitoka kumwagilia, Veronika anakaa pale kizingitini na kumsomea kitabu kizima cha shule. Kama mtoto anajua, saa moja zaidi ya nini, na kabichi zikauke?

Akamwita. Veronika akaja na kitabu chake, akasoma kurasa tatu bila kukwama. Mzee akamtazama Judith kwa upole, kama mtu aliyemaliza kesi.

Judith alijua hapa ndipo pa kufa na kupona. Alichana karatasi kwenye daftari, akamwomba mzee amnong'oneze jambo lolote ambalo halimo kitabuni. Fidelis alifikiri kidogo, akainama, akamnong'oneza kwamba nyuma ya mtungi wa maji kuna kisu chake. Judith akaandika kwa herufi kubwa: Nenda ndani. Nyuma ya mtungi kuna kisu. Kilete. Akampa Veronika karatasi, akamwambia asiseme neno, afanye tu.

Mtoto aliitazama karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu, mvua ikigonga bati. Akamtazama mwalimu, akamtazama mjomba, na nyuso zote zilikuwa zimefungwa. Basi akanyoosha mgongo, akainua ile karatasi mbele ya macho, na kwa sauti yake ile nzuri akaanza kuusoma ukurasa wa kwanza wa kitabu cha shule.

Aliusoma wote. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, na hapo akajua. Magdalena aligeukia jikoni. Judith alitaka kulia, nami sioni aibu kulisema, kwa sababu lile joto linalopanda kutoka tumboni mpaka masikioni alilijua toka akiwa na umri ule ule. Alimshika Veronika mkono akamwambia hajakosa kitu.

Mzee Fidelis hakumkaripia mtoto. Alimwambia aende kwa wenzake. Halafu akanyoosha mkono, akaomba karatasi, akakaa nayo kwa muda mrefu kuliko maneno manane yanavyohitaji. Mwishowe akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa ndani wa koti.

"Jumatatu atabaki. Na wenzake wote watabaki," alisema. "Lakini maneno haya usimfundishe. Siku ukisema anaweza, nitampa mimi." Judith akaapa.

Na walibaki. Akishakubali Fidelis, wajomba wengine wangesema nini? Kumwagilia kabichi kulisogezwa, kaka wakubwa wakanung'unika, na saa nane kengele ikilia watoto kumi na tisa walikaa barazani. Judith aliweka sheria moja: kusoma kwa pamoja ni mwiko. Anayekwama anapigiwa makofi. Wiki ya kwanza waliona mwalimu kachanganyikiwa. Wiki ya tatu walianza kukwama, ba, be, bari, bariba, baridi, na kila mkwamo Judith aliusikia kama habari njema.

Usidhani ilikuwa lelemama. Mei ilinyesha mpaka njia ikakatika na siku sita zikapotea. Mtoto mmoja alihamishiwa kwa shangazi Turiani, akaenda zake na herufi zake nusu. Julai aliingiza kadi za Kiingereza, fungua mlango, hesabu madirisha, na hapo ikabidi Nshomile ameze jeuri yake, maana watoto walimuuliza maneno asiyoyajua. Kwa mara ya kwanza maishani alisema mbele ya darasa kwamba hajui, akafungua kamusi, wakatafuta wote. Watoto walifurahi kupita kiasi. Toka siku ile hakuna aliyeogopa tena Kiingereza, wakawa wanamletea maneno mazito makusudi wamwone anahangaika.

Aliyemtesa ni Veronika. Wenzake walikuwa wanapita, yeye anabaki, kwa sababu ile ile ya sikio. Akiona herufi mbili za mwanzo anarusha neno zima analolijua, na mara nyingi siyo lenyewe. Siku moja ya Agosti alikisia mara saba mfululizo na Judith uvumilivu ukamwisha. Alitupa chaki, ikapasukia ukutani, akamwambia kichwa chake kimejaa nyimbo. Mtoto akakimbia. Judith alisimama pale dakika mbili akijichukia, halafu akavua viatu vya kazini, akavaa raba, akamfuata mpaka bustanini kwao. Akamkuta amejificha nyuma ya kabichi. Akakaa naye kwenye matope, akamweleza jambo ambalo hajawahi kumwambia hata mume wake: kwamba yeye alifika darasa la tano hajui kusoma, na kichwa chake pia kilikuwa kimejaa nyimbo. Veronika akajifuta machozi. Kisha akauliza ilimchukua siku ngapi. Judith akasema miezi miwili, kila siku. Mtoto akahesabu kwa vidole mpaka Oktoba, akasema basi inatosha.

Kuanzia kesho yake alikubali kwenda polepole. Aliweka kidole chini ya herufi na hakukitoa mpaka amalize, jasho likimtoka puani. Septemba alisoma kadi ya kwanza mpya, akaenda kugusa mlingoti wa bendera. Mwalimu Mwinshehe aliyekuwa dirishani akasahau hesabu zake ubaoni.

Ijumaa ya mwisho kabla ya upimaji Judith alituma neno kwa Mzee Fidelis kwamba Veronika yuko tayari. Si kwamba alikuwa na hakika. Usiku mzima hakupata usingizi, akiwaza mtungi. Herufi zinazofuatana bila irabu kati, kama m na t, n na g, zilikuwa zinamwangusha Veronika mara kwa mara, na yeye alikuwa ameapa kutolifundisha neno lile, na kiapo ni kiapo.

Kesho yake uani kwa mzee alikuta viti vimepangwa. Fransisko alikuwepo, amekalishwa kwenye kiti kizuri upande wa kulia wa shemeji yake, na Judith alielewa kwamba heshima ile haikutokea kwa bahati. Magdalena alisimama mlangoni. Mzee Fidelis akatia mkono mfuko wa ndani, akatoa karatasi. Ilikuwa imelainika kwenye mikunjo, na ncha moja imeliwa na jasho. Akampa mpwa wake.

Veronika aliifungua. Aliitambua, ilionekana usoni. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, midomo ikawa inacheza bila sauti. Kidole kikasogea, kikasogea, kikafika katikati, kikasimama. Midomo ikajaribu, ikarudi, ikajaribu tena. Fransisko alikuwa ameshika magoti yake kwa nguvu. Mtoto alinyanyua macho kidogo tu kumtazama mwalimu, na Judith, Mungu amsamehe, alitamani kulitamka, lakini akauma mdomo na kutazama chini. Aliposikia kiti kinasogea, aliinua kichwa akakuta Veronika kashasimama.

Aliingia ndani. Walisikia mtungi ukiburuzwa kwenye sakafu ya udongo. Akatoka ameshika kisu kwa upande wa makali kama alivyofunzwa, akampa mjomba mpini.

Fransisko alifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Magdalena alipiga kigelegele kimoja, kirefu, mpaka majirani wa chini wakaitikia bila kujua kuna nini. Judith alilia waziwazi na hakujifuta. Wiki iliyofuata kulikuwa na upimaji, na watoto kumi na tano kati ya wale kumi na wanane waliobaki walikwenda darasa la tano, Veronika wa kumi na tatu kati yao. Watatu hawakuweza, na Judith aliwaanza upya Januari, saa nane ile ile. Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Pale uani Mzee Fidelis aliweka kisu chini, akaitwaa karatasi, akangoja mpaka kigelegele kikaisha.

"Kitabu cha kanisani nakijua chote, Mwalimu," alisema. "Marehemu mke wangu alikuwa ananisomea kila Jumamosi, mimi nashika. Kusoma sijawahi."

Miaka thelathini Kidunge ilikuwa imemsikia akisoma. Judith alifungua mdomo aseme kitu cha heshima.

Mzee hakumngoja. Alimvuta Veronika karibu, akatandaza karatasi juu ya goti lake, akauliza kisu ni lipi hapo. Veronika akaweka kidole chini ya neno. Fidelis akaweka chake kando ya cha mtoto, kidole kinene chenye udongo wa bustani kwenye ukucha, akalitamka taratibu. Kisha akauliza lile linalofuata ni lipi.